Bwana Afya na Taka za Kompyuta

Ujumbe ulitokea kwenye kona ya kioo cha kompyuta wakati mzee Alfredi akimlindia mkewe duka. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Kompyuta wako ni mchafu sana. Taka elfu tatu mia nne kupatikana. Safisha sasa?" Pembeni ya maneno hayo kifagio cha kijani kilikuwa kinatikisika, kama kinachomwonyesha namna ya kufagia.

Alfredi aliusoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akausoma tena. Kabla ya kustaafu alikuwa bwana afya wa wilaya, mtu wa kuingia migahawani na kufunua masufuria, kuchungulia vyoo vya gesti na kuandika faini. Mpaka leo mama lishe wa stendi ya Newala wakimwona kwa mbali hufunika vyakula vyao kwanza ndipo wamsalimie. Haijapata kutokea hata mara moja mtu amwambie kwamba kuna kitu kichafu nyumbani kwake.

Mkewe Flora, ambaye mji mzima humwita Mama Agatha, aliingia kutoka kwenye kioski cha maji na ndoo kichwani. Chumba hicho cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka: kompyuta moja, printa mbili, mashine ya fotokopi, na kitambaa cha bluu kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti.

"Mama Agatha," Alfredi alisema, "ulikuwa unajua kwamba hii mashine ni chafu?"

"Nimeipangusa leo asubuhi."

"Si kwa nje. Kwa ndani."

Flora alitua ndoo, akachungulia, akakifunga kile kifagio kwa kubofya mara moja. "Hicho mimi nakifunga kila siku. Kama yule anayeniambia nimeshinda gari."

"Huyu hajasema umeshinda kitu. Amesema wewe ni mchafu."

"Ndiyo maana umemwamini."

Alfredi hakucheka. Alimkumbusha kwamba kompyuta hiyo imekuwa nzito. Ukiiwasha unaweza kunywa chai ukamaliza bado inafikiria. Sasa sababu yake ilikuwa imejitokeza yenyewe ikajieleza, naye Flora anaifungia mlango. Flora akajibu kwamba mle ndani kulikuwa na picha za wanafunzi wote wa kidato cha nne wa shule ya bweni iliyo nje ya mji. Alizipiga siku mbili kabla hawajamaliza mitihani, na zilitakiwa zibandikwe kwenye vyeti vya kuhitimu. Ijumaa mkuu wa shule alikuwa akizitaka mezani kwake.

"Kwa hiyo usiguse kitu," alisema. "Vyeti vikishatoka, fagia mpaka uchoke."

*

Kesho yake ilikuja taarifa ya msiba kijiji cha Mkunya. Flora alijifunga khanga, akamwachia mumewe ufunguo wa duka, na kabla hajapanda pikipiki akasema tena, "Kompyuta usiiguse."

Alfredi hakuigusa. Aliketi mbele yake mikono ikiwa mapajani. Ilipofika saa nne kifagio kikajitokeza. Taka zilikuwa zimefika elfu nne.

Alfredi hakuweza kuvumilia. Usiku mmoja tu na taka zimeongezeka kiasi hicho; je, zikiachwa mpaka Ijumaa? Angekuwa kazini, mgahawa wa namna hiyo angeufunga mchana kweupe. Akabofya.

Kazi ilianza, na ilimfurahisha kuliko alivyotarajia. Mstari wa kijani ulikuwa unatambaa, namba zinashuka, elfu nne, elfu tatu, elfu mbili, na kila hatua programu ilimpongeza: "Vizuri sana, mtumiaji." Tangu alipostaafu hakuna aliyempongeza kwa usafi. Ilipomuuliza kama isafishe na memori kadi iliyochomekwa ubavuni, alijibu ndiyo. Hiyo ilikuwa kadi ya kamera ya Flora, aliyoiacha pale ili zile picha ziwe mahali pawili.

Kisha programu ikaleta swali jingine: "Picha za kufanana nyingi kupatikana. Baki moja nzuri, futa wengine?"

Hapo Alfredi alisita, kwa sababu hakuwa mjinga. Aliinama karibu na kioo akaangalia. Shati jeupe, kichwa kilichonyolewa, kitambaa cha bluu. Shati jeupe, kichwa kilichonyolewa, kitambaa cha bluu. Wavulana kwa wasichana, wote macho yamewatoka kama walioitwa ofisini. Alipitia ukurasa mmoja, wa pili, na kwenye wa tatu macho yakaanza kumuuma. Akaamua kwamba mkewe, kwa haraka zake, alikuwa amebonyeza kamera mara nyingi juu ya watoto walewale, na kwamba hiyo ndiyo taka yenyewe.

Akabofya. Ikamaliza. Kompyuta ikawa nyepesi kama mpya, na Alfredi akatoka barazani akiwa mtu mwingine. Jirani yake Mrisho, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anapita.

"Umeng'aa, Bwana Afya. Kuna nini?"

"Nimesafisha kompyuta. Taka elfu nne."

"Elfu nne," alisema Mrisho, na uso wake ukaonyesha heshima ya kweli.

*

Flora alirudi alasiri akiwa na vumbi la njia nzima. Akakuta uwanja umefagiwa, chai iko tayari, na mumewe amesimama mlangoni na tabasamu ambalo hakulipenda tangu alipoliona.

"Iwashe uone," alisema Alfredi.

Aliwasha. Iliwaka upesi. Akafungua folda ya wanafunzi. Ndani yake kulikuwa na picha moja tu, ya msichana aliyevimba shavu la kushoto kwa ajili ya jino. Programu ilikuwa imemteua yeye kuwa mwakilishi wa shule nzima.

"Wenzake wako wapi?" Flora aliuliza.

"Wenzake nani?"

"Wa huyu. Wenzake."

Alfredi alieleza. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayesoma ripoti, mpaka alipofika kwenye memori kadi, na hapo sauti yake ikaanza kupungua. Flora hakumkemea. Alfredi angeona afadhali akemewe. Kisha mkewe akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akaukunja, akauweka mfukoni mwa gauni kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Simu ya Flora ikalia. Alikuwa Madamu Veridiana, mkuu wa shule.

"Shikamoo, Madamu. Ndiyo, zinaendelea vizuri. Ndiyo, zote. Yule wa jino naye yupo, tena huyo ametoka vizuri sana."

Alipokata simu, mlango ukagongwa. Mrisho alikuwa amesimama na kompyuta mpakato kwapani, amemleta na mkewe Adija ili naye ashuhudie.

"Bwana Afya, nimekuletea mgonjwa. Hii yangu nadhani inapita elfu nne."

Alfredi alimwangalia mkewe. Flora akavuta kiti, akakipangusa. "Karibuni. Mfungulie mgeni, Baba Agatha. Mwonyeshe ulivyofanya, hatua kwa hatua."

Mrisho hakuelewa kilichotokea, ila Adija alielewa kwa kuangalia nyuso tu. Alimshika mumewe mkono, akasema wamekumbuka wameacha jiko linawaka, wakaondoka na kompyuta yao.

Usiku huo walihesabu njia zilizobaki. Kupiga picha upya haikuwezekana. Siku mitihani ilipoisha wanafunzi walitawanyika, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho, wengi walikuwa mashambani wanaokota pamoja na wazazi wao, Kitangari, Mkunya, Chiwata, na kwingine kusikojulikana.

"Nitamwambia Madamu mimi mwenyewe," alisema Alfredi.

"Utamwambia nini? Kwamba umeona watoto wake wanafanana?"

*

Alfajiri waliifunga kompyuta kwa blanketi, wakashuka nayo Masasi. Huko karibu na soko kulikuwa na fundi aitwaye Swalehe, kijana mwenye maneno mengi, aliyependa wateja wamwite Daktari. Aliwasikiliza huku akitafuna muhogo wa kukaanga.

"Baada ya kusafisha, mliingiza kitu chochote humu? Mlipakua, mlihifadhi, mliandika?"

"Nilizima nikachomoa waya," alisema Flora.

"Hapo ndipo mlipopona. Kompyuta ikifuta kitu haikichomi moto. Inaondoa tu jina mlangoni. Mwenyewe anabaki ndani mpaka aje mpangaji mwingine amtoe." Alijipangusa mafuta mikononi kwa suruali, na bwana afya mstaafu akajikaza asiseme kitu. "Nitawatoa. Lakini itachukua mchana kutwa, na majina sina hakika nayo."

Alianza kazi. Alfredi aliketi kwenye benchi, na baada ya muda akashindwa kunyamaza. "Lakini, kijana, lazima tuseme kweli. Ilikuwa imekuwa nyepesi."

"Iwe nzito kwa nini, mzee? Hata nyumba, ukitoa watoto wote nje, nafasi inapatikana."

Flora aligeukia ukutani ili mumewe asimwone anacheka.

"Kwa hiyo hizi programu za kusafisha hazifai kabisa?" Alfredi aliuliza.

Swalehe alifikiri, labda kwa mara ya kwanza siku ile. "Nikwambie ukweli? Mimi mwenyewe nilikuwa nawawekea watu. Mteja anapenda kuona namba zinashuka. Unamwonyesha elfu tano, unabofya, inabaki sifuri, anaondoka anatabasamu. Baada ya mwezi anarudi, analalamika kompyuta ni nzito vilevile, unamwonyesha elfu tano nyingine. Nikaona aibu. Zile faili za muda, hizo wanazoziita taka, kompyuta inacho kifaa chake humohumo cha kuziondoa. Hakihitaji mgeni, na hakiulizi mambo ya picha. Ukikitumia mara mojamoja, inatosha."

"Sasa uzito ule ulitoka wapi?"

"Mwingine ni wa huyo msafishaji mwenyewe. Angalia hapa. Anaamka kabla ya kompyuta, anazunguka kutwa anatafuta uchafu. Ana kazi gani nyingine? Aliingia humu mwezi wa nane, alikuja pamoja na mwandiko wa mapambo, wa kadi za harusi. Nani aliupakua?"

Flora alikohoa. Alfredi alimgeukia polepole, akatamani kusema neno, akaona siku bado ni ndefu na safari ya kurudi ni ya pamoja.

"Na uzito mwingine," Swalehe aliendelea, "ni huu." Alifungua kwa bisibisi mfuniko wa ubavuni akamulika kwa simu. Feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu la Newala, zito, limeshikana kama zulia, na pembeni mjusi mdogo alikuwa amekaukia juu ya waya.

Bwana afya alilitazama vumbi lile kwa muda mrefu. Miaka yote hiyo alipangusa meza, akapangusa kioo, akapangusa hata sehemu ya chini ya kiti.

"Naomba brashi," alisema.

"Kuna kipulizo, mzee, dakika moja tu."

"Naomba brashi."

Akapewa brashi ya rangi. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kusugua taratibu, huku ulimi ukiwa umechomoza kidogo pembeni ya mdomo. Flora alikuwa hajamwona na uso ule tangu siku za kazini. Alfredi alimtoa mjusi kwa karatasi, akaenda kumtupa mbali na mlango wa watu.

Kufikia jioni picha zilikuwa zimepatikana. Zilirudi na mengine ambayo Flora alikwisha kuyafuta siku nyingi: tangazo la msiba, kadi za kipaimara, karatasi alizowahi kuwaskania watu. Ila majina yote yalikuwa yamekwenda. Kila uso ulikuwa na namba tu. Swalehe alichagua kila penye shati jeupe na kichwa kilichonyolewa, akawachapia kwa wino mweusi, nyuso nyingi kwa ukurasa, ili wakatafute wenyewe ni za nani.

*

Ilibidi Madamu Veridiana aambiwe nusu ya ukweli, kwamba "majina yamechanganyika". Aliwapa orodha ya wahitimu na kuwakutanisha na Mwalimu Godwin, mlezi wa mkondo A. Godwin aliwatambua watoto wake wote kabla chai haijapoa, akacheka na baadhi yao kana kwamba wamesimama mbele yake. Lakini mlezi wa mkondo B alikwisha kwenda likizo kwao mbali, simu yake haipatikani, na Godwin aliwajua wachache tu wa upande huo.

Wakagawana. Flora alichukua wasichana, akaenda Mkunya na vijiji vya jirani. Alfredi akachukua wavulana, na Kitangari.

Siku ya gulio mzee alizunguka na karatasi zake akiwasimamisha watu. "Habari za leo, mama. Unamfahamu mtoto yeyote hapa?" Wapo waliodhani wanatafutwa wezi, wakasema hawajui kitu. Mama mmoja alimtazama mwanawe wa kumzaa mwenyewe akakana. "Wangu ni mzuri kuliko huyu," alisema, na ikabidi mwenzake amwambie kwamba ndiye, ila kamera imemwonea.

Watu wakamshauri aende kwa Zena, mama lishe aliyewahi kuwa na genge mbele ya geti la shule. Alikuwa amewalisha wanafunzi wale wote maandazi ya mkopo. Hakuna uso ambao angeusahau. Alfredi alilijua jina hilo. Genge lile alilifunga yeye mwenyewe, kwa sababu ya nzi.

Zena alimwona akiwa bado mbali. Hakufunika chakula.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, mama. Nina shida kidogo. Nina karatasi hizi…"

"Umenawa?"

Wateja waliokuwa kwenye mabenchi waliacha kutafuna.

"Sijaja kula, mama."

"Hapa kwangu mtu hashiki kitu kabla hajanawa. Ndoo ile pale, sabuni ile pale. Na kwenye kucha pia."

Alfredi aliweka karatasi chini, akanawa. Alinawa vizuri, mpaka kwenye viwiko, maana hakujua kunawa kwa namna nyingine. Zena alimkagua kiganja na mgongo wa mkono, akatikisa kichwa kukubali, ndipo akazipokea karatasi.

"Huyu Tahiri. Huyu Ashraf, wa Chiwata, anapenda sambusa. Huyu Awadhi, bado ana deni langu, ukimwona mwambie. Huyu nadhani ni Khalfan, au pacha wake. Hapana, ni Khalfan, pacha wake ana jicho moja dogo." Akawa anataja huku Alfredi akiandika. "Wewe uliwaonaje hawa kuwa wanafanana?"

Alfredi alishangaa habari zilivyofika Kitangari kabla yake. "Sikuwaangalia," alisema.

Zena alimwekea andazi kwenye kisahani. Alikula. Lilikuwa andazi zuri, na alilazimika kukiri hivyo mbele ya mabenchi yote.

Karatasi ya mwisho ilikuwa na mvulana mmoja ambaye Zena alimgeuza huku na huku. Mwembamba, masikio makubwa, kidevu amekiinua.

"Huyu simjui. Na si kwamba nimemsahau. Huyu hajawahi kula kwangu."

*

Usiku ule na siku iliyofuata mvulana yule hakumtoka Alfredi mawazoni. Alimpeleka kwa Mwalimu Godwin, akamtuma kwa simu za watu, akamwonyesha mlinzi wa shule na mpishi. Mpishi alisema ana sura ya mtoto anayependa kuchongea wenzake, ila jina hakulijua. Alfredi alimwazia mtoto yule amesimama mahali fulani shambani, ana ndoo ya korosho mkononi, hajui kwamba kesho kutwa cheti chake kitatoka bila uso. Na aliyeufuta uso ule ni yeye.

Ijumaa walikaa ofisini kwa Madamu Veridiana, vyeti vimepangwa mezani, gundi imefunguliwa. Flora alikuwa akibandika, Madamu akipiga mhuri. Walipofika mwisho wa orodha, kila cheti kilikuwa na uso wake. Yule msichana wa jino pia, shavu lake na yote.

"Tumemaliza," Madamu alisema. "Hongereni."

"Hatujamaliza," alisema Alfredi. "Bado kijana mmoja."

"Mzee wangu, hakuna jina lililobaki."

"Jina halijabaki kwa sababu mmemsahau kuliandika. Mtoto huyu yupo. Amekaa bwenini kwenu, amefanya mtihani, na leo mnataka kumpoteza." Sauti yake ilikuwa imepanda, sauti ya ukaguzi. "Mimi nimefanya kosa langu na nimelikiri kila kijiji. Nanyi shule kirini la kwenu."

Madamu Veridiana alivua miwani. Miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kushutumiwa kumpoteza mwanafunzi mzima, na hakuwa tayari kuanza siku hiyo. "Nionyesheni huyo mtoto."

Alfredi aliitoa karatasi kwenye bahasha. Flora, ambaye wiki nzima alishughulika na wasichana tu na hakuwahi kuiona, aliipokea ili ampitishie Madamu. Ikaishia mkononi mwake.

"Baba Agatha," alisema.

"Unamjua?"

"Hii niliiskani mwaka juzi, nikaifuta. Ilikuwa kwenye cheti chako cha shule, ulipokuwa unafuatilia mafao." Alijitahidi kuuzuia mdomo wake, ukamshinda. "Huyu ni wewe."

Alfredi aliichukua karatasi akaenda nayo dirishani. Aliiangalia kwa karibu, akaiangalia kwa mbali. Shati jeupe, kichwa kilichonyolewa.

"Masikio haya?"

"Masikio hayohayo."

Madamu Veridiana aliinama juu ya mhuri wake akatikisika mabega kwa kicheko mpaka alipopata sauti. Akauliza kama mzee naye angependa kupigiwa mhuri, maana wino bado ulikuwepo.

Nyumbani, kompyuta iliwaka haraka. Flora alifungua mkoba, akachomeka flashi aliyowapa Swalehe yenye zile picha, akaanza kupanga vitu mahali pake. Alfredi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono nyuma, hagusi kitu.

"Na hii yako niiweke wapi?" Flora aliuliza. "Au tuiondoe, isijaze nafasi?"

"Iache hapo." Akafikiri kidogo. "Ila iandike jina, Mama Agatha. Andika Alfredi, mtu asije akadhani nafanana na wenzangu, akanifuta."

Flora akaandika.